Richmond: Jina Lililofuata Wenye Amri

Miaka michache baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kabaila mmoja kutoka Brittany, Alan Rufus, alianza kujenga ngome juu ya mto Swale, kaskazini mwa Yorkshire. Ngome hiyo ikaitwa Richmond, yaani kilima imara kwa Kifaransa cha wakati huo. Jina hilo, ambalo sasa dunia nzima inalihesabu kuwa la Waingereza, waliletewa na waliowashinda vitani.

Baadaye likawa cheo. Henry Tudor alikuwa Earl wa Richmond kabla ya kutwaa ufalme mwaka 1485. Kasri lake la Sheen, kando ya mto Thames, lilipoungua wakati wa Krismasi ya 1497, alijenga jingine na kulipa jina la cheo chake. Humo alifia mwaka 1509, na mjukuu wake Elizabeth I mwaka 1603. Kasri lilibomolewa karne hiyohiyo, mji wa hapo ukabaki na jina.

Kisha makoloni. Huko Tasmania, wafungwa walijenga daraja la mawe la Richmond kati ya 1823 na 1825, na magari yangali yanapita juu yake. Richmond ya Ontario, Kanada, ni kumbukumbu ya Duke wa Richmond, gavana aliyefariki mwaka 1819 kwa kichaa cha mbwa. Richmond ya Karoo, Afrika Kusini, nayo imeitwa kwa heshima ya duke huyohuyo, aliyekuwa baba mkwe wa gavana Peregrine Maitland.

Lakini Richmond inayonigusa zaidi ni ya Virginia, Marekani. Mwaka 1737, William Byrd II, mwenye mashamba makubwa na watumwa, aliagiza mji upimwe kwenye maporomoko ya mto James. Inasimuliwa kuwa kona ya mto ilimkumbusha Thames inavyoonekana kutoka mlima wa Richmond. Hapo hapakuwa nyika tupu. Wenyeji wa asili, Wapowhatan, walikuwa na kijiji karibu na maporomoko hayo muda mrefu kabla ya Byrd, na bonde moja la mji bado linaitwa Shockoe, jina lenye asili ya lugha ya wenyeji. Katika bonde hilo, karne ya 19, maelfu kwa maelfu ya watumwa wenye asili ya Afrika waliuzwa, katika soko lililozidiwa na New Orleans pekee. Anayeandika historia ya mji huo angeanza na Shockoe, ndipo amfikie Byrd.