Namna Mfupa Ulivyotiwa Hesabuni

Hospitali ya Tumbi pale Kibaha, iliyochipuka katika mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwetu mwaka 1970, imekaa kandokando ya Barabara ya Morogoro, na majeruhi wa ajali za njia ile aghalabu hufikishwa hapo. Kisarawe, ng'ambo ya misitu ya Pugu, wamekuwapo tangu zamani waangukao minazini na mikoroshoni, na siku hizi wameongezeka vijana wa bodaboda.

Kabla ya hogo, yaani plasta ngumu, mganga wa mifupa aliunyosha mguu uliovunjika, akaufunga magango ya mianzi, akawa akiufungua na kuukanda. Na matabibu humlaumu kwa haki, kwani gango likikazwa kupita kiasi damu hukatika na kiungo huoza. Lakini suala lililomshughulisha ndilo lililowashughulisha wataalamu wa Ulaya karne nzima: mfupa utulizwe kadiri gani, na uachiwe kutikisika kadiri gani?

Mathijsen, tabibu wa jeshi la Uholanzi, alijibu kwa plasta katika miaka ya 1850. Küntscher, Mjerumani, akajibu mwaka 1939 kwa msumari upitao ndani ya uboho. Jibu la hesabu lilikawia. Pauwels alidai mwaka 1960 kwamba aina ya kani ndiyo huamua iwapo patamea gegedu au tishu ya nyuzinyuzi, kisha Perren wa Uswisi akatia tarakimu: utando mwororo wa mwanzo huvumilia kuvutwa hata asilimia 100 ya urefu wake, gegedu takriban 10, ilhali mfupa kamili hukatika ukivutwa kiasi cha asilimia 2 tu. Hivyo kila tishu, kwa kuupunguza mtikisiko, humtayarishia makao mwenziwe amfuataye.

Kompyuta ilichukua dhana hiyo na kuikokotoa. Prendergast, Huiskes na Søballe mwaka 1997, kisha Claes na Heigele wa Ulm mwaka 1999, walitumia mifano ambamo tishu hugawanywa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kikiulizwa kimevutwa kiasi gani, au majimaji yake yanakwenda kwa kasi gani, na kwa mujibu wa jibu hukadiriwa kitageuka nini. Waliowafuata wakairudia hesabu hiyo siku baada ya siku, hadi pengo lizibwe au lisizibike. Mizani yao ilikuwa mara nyingi mguu wa kondoo, mnyama asiyevuta tumbaku wala kuugua kisukari. Ndiyo maana sifa zao nazipokea kwa tahadhari.

Hata hivyo manufaa yapo. Msumari wa SIGN, uliobuniwa na Lewis Zirkle wa Marekani ili utiwe bila mashine ya eksirei chumbani mwa upasuaji, umetumika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na unene wake pamoja na siku ya mgonjwa kukanyaga ndiyo mambo hasa ambayo hesabu kama hizo zaweza kuyapima. Kijana wa bodaboda hulitaka jibu la siku hiyo kuliko yote, maana pikipiki ina hesabu ya kila jioni kwa mmiliki wake. Na tabibu humjibu kwa picha ya eksirei, na kwa kuutikisa mguu kwa mkono wake.