Sabuni, Maji na Miale ya Eksirei

Mwaka 1925, mjini Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walitoa mafuta ya seli nyekundu za damu kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji, wakapima eneo yaliloenea. Lilikaribia mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Wakahitimisha kuwa utando wa seli ni tabaka mbili za molekuli: vichwa vipendavyo maji vimeelekea nje, mikia ya mafuta imekutana ndani.

Hoja ilikuwa na nguvu, lakini utando wenyewe haukuwa umeonekana. Unene wake ni nanomita nne au tano hivi, na mawimbi ya mwanga wa kawaida ni marefu kuliko huo kwa mara mia hivi. Eksirei zina mawimbi mafupi ya kutosha: zile zinazotokana na shaba, zinazotumika sana maabara, zina wimbi la nanomita 0.154. Shida ni kwamba tabaka nene kiasi hicho huitawanya miale kwa pembe ndogo mno, na njia ya kuisoma ilipatikana tu André Guinier alipoiasisi huko Paris mwishoni mwa miaka ya 1930.

Anayestahili kukumbukwa zaidi katika habari hii, kwa maoni yangu, ni Vittorio Luzzati, Mwitaliano aliyefanya utafiti wake Ufaransa. Wakati macho ya wengi yalikuwa kwenye protini na DNA, yeye na wenzake wa Strasbourg, katika miaka ya 1950, walichunguza sabuni, ambayo molekuli zake nazo zina vichwa na mikia ya namna hiyo. Waliichanganya na maji kwa viwango mbalimbali, wakaipitishia eksirei. Katika mchanganyiko wa matabaka, kila maji yalipozidi, tabaka ziliachana zaidi. Na kwa kujua kiasi cha maji pamoja na umbali kati ya tabaka, wakakokotoa unene wa tabaka moja. Kisha, kwenye pembe kubwa, pale ambapo mikia iliyoganda ingetoa mstari mkali, walikuta duara pana lililofifia, karibu na nanomita 0.45. Hiyo ni alama ya parafini iliyoyeyuka. Tabaka zilijipanga kwa nidhamu, ilhali mikia iliyo ndani yake ni kimiminika! Ugunduzi huo ulitoka kwenye sabuni, nao ukaja kufafanua utando wa viumbe hai.

Mwaka 1971, katika chuo cha King's, London, Maurice Wilkins na wenzake walionyesha kwa eksirei kwamba tando za seli nazo zina tabaka hizo mbili. Na mwaka 1977, Toyoki Kunitake na Yoshio Okahata wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walithibitisha kwamba kemikali iliyotengenezwa na binadamu, yenye mikia miwili ya kaboni 12, hujifunga majini kuwa vifuko bila lipidi yoyote ya asili.

Kifuko chenye ukuta mmoja ni kigumu kusomwa. Hakina tabaka zinazojirudia, hivyo badala ya vilele vikali hutoa mawimbi mapana. Mtafiti hubuni mchoro wa elektroni, zikiwa nyingi kwenye vichwa kuliko majini na chache kwenye mikia, kisha hukokotoa iwapo ungetawanya miale kama ilivyopimwa. Michoro zaidi ya mmoja yaweza kuafikiana na vipimo, kwa kuwa kipokezi hunasa nguvu ya mawimbi tu, si mpangilio wake. Ndiyo maana wengi hulinganisha matokeo hayo na yale ya miale ya nyutroni.

Sinkrotroni, mashine zinazotoa eksirei kali ajabu, ziliongeza kipimo cha muda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wanasayansi huko Grenoble, Ufaransa, walichanganya ghafla aina mbili za molekuli zenye tabia ya sabuni, wakafuatilia tukio hilo kwa milisekunde. Kwanza zilitokea sahani ndogo bapa. Zikakua, hadi kingo zake zilipojikunja na kufungana kuwa vifuko.