Kinjeketile yupi?

Ndugu msikilizaji, mwulize mtu aliyepita sekondari hapa nchini Kinjeketile alikuwa nani. Aghalabu atakusimulia tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, naye ataapa kwamba hiyo ndiyo historia.

Kinjeketile Ngwale mwenyewe alikuwa mganga wa Ngarambe. Aligawa maji, watu wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Vita vilizuka Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905. Tarehe 4 Agosti wakamnyonga huko Mohoro. Vita vikaendelea hadi 1907, yeye yumo kaburini.

Hussein alimwacha aishi aone watu wake wakishindwa. Akamtia shaka juu ya maji yenyewe, kisha akamfunga gerezani, atakiwe kutamka kwamba maji ni uongo, naye akatae. Je, amemzulia marehemu? Sidhani. Mwandishi alitutahadharisha katika utangulizi kwamba huyu wa jukwaani ni wake, siye yule wa historia. Kosa ni letu sisi tulioruka utangulizi tukakimbilia mtihani!

Ila shaka ile bado inanikera. Ni ya mganga wa 1905, au ya msomi wa 1969? Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliwahoji wazee wa huko kusini, wakaandika habari za maji na za mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Masimulizi hayo yapo. Nani kati yetu amewahi kuyafungua?