Rahisisha: neno la sokoni ndani ya aljebra

Mpwa wangu yuko darasa la saba. Juzi usiku aliniletea daftari lenye swali la mstari mmoja: Rahisisha 4(2n + 3) + 5n − 7. Alishapata 13n + 5, kisha akaikata mwenyewe kwa kalamu nyekundu na kuandika chini yake 18n.

"Mjomba, si wamesema rahisisha?" alijitetea. "Hiyo ya kwanza ina kujumlisha katikati. Bado ngumu."

Kosa ni lake, lakini neno nalo limechangia. Rahisi limetufikia kutoka Kiarabu, na huko hasa ni habari ya bei ya chini. Jambo lisilo gumu Waarabu huliita kwa neno jingine, lile ambalo sisi tumelifanya sahili. Kiswahili kikalibebesha rahisi maana zote mbili, hata leo mtu husema viazi rahisi na mtihani rahisi bila kuona kwamba ametaja mambo mawili. Sahilisha limo katika kamusi, na wahakiki wa fasihi wanalipenda sahili wanapozungumzia msuko wa hadithi. Hisabati ikachukua rahisisha. Nadhani ilibahatika, maana ile maana ya sokoni ndiyo inayoeleza kazi yenyewe.

Tuhesabu gharama. Chukua n iwe 10. Mtajo wa swali unakudai uzidishe 2 kwa 10, uongeze 3, uzidishe kwa 4, utafute 5 mara 10, ujumlishe, ndipo utoe 7. Hatua 6, unapata 135. Kwa 13n + 5 unazidisha mara moja na kujumlisha mara moja, unapata 135 ileile. Mzigo haujabadilika, nauli ndiyo imeshuka kutoka 6 hadi 2. Kurahisisha, basi, ni kuandika mtajo mwingine wenye thamani ileile kwa kila namba utakayoiweka mahali pa herufi, ila wenye kazi pungufu. Hakuna "jibu ni ngapi" hapo, na alama ya kujumlisha ikibaki katikati si deni.

Ruhusa ya kupunguza kazi inatoka kwenye tabia za namba zenyewe. Kujumlisha hakujali nani katangulia, na kuzidisha vilevile. Zikiwa namba tatu za kujumlisha, hakujali pia zipi zimefungwa pamoja kwanza. Kutoa kunajali: 12 − 7 ni 5, lakini 7 − 12 ni −5. Ndiyo maana katika 8n + 12 + 5n − 7 unaweza kuhamisha vipande utakavyo, mradi kila kipande kihame na alama yake. Anayeihamisha 7 na kuisahau alama yake nyuma ameshabadilisha mzigo.

Tabia ya tatu ndiyo yenye utajiri, na ndiyo iliyotusumbua kuipa jina. 4(2n + 3) ni 8n + 12, kwa kuwa ile 4 imemfikia kila aliyemo ndani ya mabano. Mswahili wa kawaida angesema 4 imegawiwa. Lakini gawa na gawanya darasani tayari ni kazi ya 12 ÷ 3, na mtoto atauliza mbona tumegawanya huku namba zinakua. Kwa hiyo napendelea kutawanya. Kurudi nyuma kuna mtego mwingine: walimu husema "toa 4 nje ya mabano", na toa ni kitenzi kilekile cha 12 − 7. Nimeona daftari ambamo mwanafunzi aliambiwa atoe 4, akaitoa kweli, kwa alama ya kutoa. Kukusanya lingetuepusha na hilo.

Hata 8n + 5n kuwa 13n ni kukusanya huko huko: n ilikuwa imetawanyika kwa 8 na kwa 5, sasa inasimama mara moja mbele ya jumla yao. Sipendi maelezo ya "maembe manane na maembe matano". Herufi si embe. Labda ni bei ya embe moja, nayo bei ni namba. Mtoto aliyezoeshwa maembe ndiye anayeona 13n + 5 na kudhani vyote ni matunda ya kuhesabiwa pamoja.

Halafu kuna MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kifupisho kizuri, kimetungwa kwa Kiswahili na kinatamkika kama jina la mtu. Lakini kinakuambia jinsi ya kusoma mtajo. Hakikuzuii kuuandika upya kabla ya kuukokotoa. Ukipewa 37 × 18 + 37 × 82, mtiifu wa MAGAZIJUTO atapata 666, kisha 3034, kisha 3700, na pengine karatasi itamwishia njiani. Aliyekusanya ataona 37 × 100, basi.

Sikumweleza mpwa wangu haya yote. Ilikuwa saa nne usiku. Nilimwambia achague namba, aiweke mahali pa n katika mtajo wa swali, halafu katika 18n yake. Akachagua 1, kwa uvivu wa kawaida. Huku 18, na huku 18. Alinitazama kwa ushindi.

"Weka 2," nikamwambia.

Huku 31, na huku 36. Akaitafuta ile kalamu nyekundu.