Ada na Hisani: Yaliyolifika Shirika la Afya Duniani

Kila chama kinachoishi kwa ada hufika siku ya kuambiwa na mfadhili: nitawapa fedha, lakini mfanye kazi niipendayo. Shirika la Afya Duniani limeambiwa hivyo tangu utoto wake, na yaliyolifika yafaa kutazamwa.

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1948, na kila nchi hutoa ada kwa kadiri ya uwezo wake. Mwaka 1955 mkutano wake mkuu, uliokutana Mexico, ulikata shauri kuifuta malaria ulimwenguni. Ada hazikutosha, ikafunguliwa akaunti maalumu ya hisani, na fedha nyingi zikatoka Marekani. Afrika yetu, yenye malaria kuliko pote, iliachwa nje kwa sehemu kubwa kwa kuwa kazi ilionekana nzito mno. Marekani ilipokoma kuitilia fedha akaunti hiyo mwaka 1963, kazi ililegea, na mwaka 1969 shauri lile likageuzwa. Wala tusiseme ni fedha tu. Mbu nao walikuwa wameanza kuizoea dawa ya DDT.

Habari ya ndui ni nyingine. Mwaka 1966 wajumbe walibishana kama ada zitumike kuifuta. Wengi waliogopa, maana ya malaria walikuwa wakiyaona. Shauri likapita kwa kura mbili tu, zikatengwa dola 2,400,000 kwa mwaka wa kwanza. Hisani ilikuja pia, hasa chanjo kutoka Muungano wa Kisovieti, lakini ilikuta kazi imekwisha kuamuliwa na wanachama wenyewe. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alionekana Merca, Somalia, mwaka 1977.

Katika miaka ya 1980 nchi zenye kulipa ada kubwa zilikataa kuziongeza, na hisani zenye masharti zikazidi. Hatimaye ada zikawa chini ya sehemu moja kwa tano ya fedha zote. Mfadhili akipenda polio, fedha hujaa huko, na kazi zisizo na mpenzi hubaki na makombo. Mwaka 2022 nchi wanachama ziliahidi kuzipandisha ada, hatua kwa hatua, hadi nusu ya bajeti ya msingi. Januari 2025 Marekani ilitangaza kujitoa. Mei mwaka huo mkutano mkuu uliipunguza bajeti ya 2026 na 2027 hadi dola bilioni 4.2, na katika kikao hicho hicho ukaongeza ada kwa asilimia 20.