Stara na Ridhaa: Mipaka ya Mtendaji katika Sanaa za Maonyesho za Wanafunzi Tanzania

Suala la ridhaa katika maonyesho ya wanafunzi, yaani haki ya mwigizaji kukubali au kukataa kuguswa, kutazamwa au kusimuliwa habari zake jukwaani, mara nyingi huhusishwa na kampeni zilizovuma Marekani mwaka 2017. Mtazamo huo unaficha historia ndefu zaidi ya Afrika Mashariki. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba pwani ilikuwa na dhana yake ya mipaka ya mtendaji, nayo ni stara. Hata hivyo, stara si sawa na ridhaa, na pengo lililopo baina ya dhana hizo mbili ndilo lililorithiwa na majukwaa ya shule na vyuo.

Unyago ni mfano ulio wazi. Ngoma zake huchezwa faraghani, wanaume hawaingii, na yanayofundishwa ndani hayatolewi nje. Mipaka ya hadhira hulindwa kwa ukali. Lakini anayeiweka mipaka hiyo ni jamii, si mwari. Mwari huingizwa; haulizwi. Stara humkinga dhidi ya macho ya nje, ila haimpi sauti juu ya yale anayotendewa ndani.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880, aliitumia stara kwa namna nyingine. Alihamia mjini Unguja, akaimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akarekodi santuri Bombay. Masimulizi mengi humwonyesha akiimba huku amejifunika uso. Sauti ilikuwa ya watu wote. Sura ilibaki yake. Akiwa ndani ya mipaka hiyo, kikundi chake kiliimba wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamke mgeni aliyebakwa na kuuawa. Wimbo huo unalalamika kwamba mtuhumiwa alikimbia, ilhali wanawake waliotoa ushahidi ndio waliogeuziwa lawama. Kwa hiyo, mapema katika karne ya 20, sanaa ya Unguja ilikwisha kuonyesha gharama inayompata mwanamke anayesema.

Mwaka 1967, sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kikuu kishiriki. Wasichana na wavulana walifanya mazoezi pamoja, chini ya mkufunzi aliyekuwa mwongozaji na pia mtahini. Nje ya darasa kulikuwa na onyesho jingine, Mzee Punch: mabango yasiyo na jina la mtunzi yaliyowakejeli na kuwadhalilisha wanafunzi wa kike hadharani. Ingawa haikuwa tamthiliya, Punch ilikuwa na mhusika wa kubuni, kinyago na hadhira. Kinyago hicho kilikuwa kinyume cha ushungi wa Siti, kwa sababu kilimsitiri mshambuliaji na kumwanika mshambuliwa. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kunyanyaswa, na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania (TAMWA) kilipaza sauti kudai hatua zichukuliwe.

Katika chuo hichohicho, Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliokuwa wamekwisha kukuza sanaa za maonyesho kwa maendeleo vijijini katika miaka ya 1980, walianzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996. Wasichana wa sekondari walichunguza matatizo yao, yakiwemo unyanyasaji wa kijinsia, wakayachambua, kisha wakayatungia ngoma, nyimbo na maigizo yaliyojadiliwa na hadhira. Baadaye mradi huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE. Tuseme ilivunja kanuni ya kwamba mwenye stara hunyamaza.

Hata hivyo, mbinu hiyo ina swali ambalo haijalimaliza. Msichana anapoleta kisa chake kikundini, hukigeuza kuwa mali ya onyesho. Uhusika humpa kificho, lakini katika shule ndogo hadhira humtambua. Akitaka kukiondoa kisa hicho siku moja kabla ya onyesho, nani ana mamlaka ya kumkubalia? Vilevile, kukubali mbele ya mwalimu anayetoa alama ni vigumu kukutenganisha na kutii. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamwadhibu mwenye mamlaka anayedai rushwa ya ngono. Lakini sheria hiyo haigusi mazoezi ambamo hakuna kilichodaiwa, na mwanafunzi anaguswa tu kwa sababu onyesho linahitaji.

Kwa hiyo, ridhaa isichukuliwe kuwa dhana ngeni inayokuja kuiondoa stara. Stara ilikwisha kuthibitisha kwamba mtendaji ana mipaka. Kinachobaki ni kumhamishia mtendaji mwenyewe mamlaka ya kuiweka mipaka hiyo, pamoja na haki ya kubadili neno lake bila kupoteza nafasi wala alama.