Waliokuwepo Bila Kuhesabiwa: Upweke na Hofu katika Nyumba za Mizuka za Nairobi

Hadithi ya nyumba ya mizuka, jinsi inavyofundishwa vyuoni, ina sharti moja ambalo ni nadra kuhojiwa: lazima nyumba iwe tupu. Mhusika hufika peke yake, mlango hufungwa, na akili yake, ikikosa wa kuzungumza naye, huanza kujijibu yenyewe. Kwa mtazamo huo upweke ndio shamba na hofu ndiyo mavuno yake. Makala haya yanalipinga sharti hilo, na ushahidi wake mkubwa unatoka Nairobi: katikati ya jiji, kwenye jengo moja la serikali, na upande wa magharibi, kwenye nyumba za mawe za Karen na Kileleshwa. Ninadai kwamba nyumba ya mizuka karibu haipati kuwa tupu. Ina watu tele, ila ni watu ambao mwenye nyumba, au msimulizi, au dola, amekataa kuwahesabu. Upweke wa mhusika huzaliwa na hesabu hiyo mbovu, na mzuka ni yule aliyeachwa nje ya hesabu anaporudi kudai nafasi yake.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuanza, kwa kuwa kinatofautisha mambo mawili ambayo nadharia nyingi za fasihi ya kutisha huyachanganya. Upweke ni hali ya kuwa peke yako. Mtu anaweza kuutafuta na hata kuufurahia. Ukiwa ni jambo jingine. Mkiwa ni mtu aliyeondokewa, na mahali pa ukiwa ni mahali palipokuwa na watu ambao sasa hawapo. Huwezi kuwa na ukiwa bila kuwa na waliotangulia kuwepo. Ndiyo maana utenzi mkubwa wa Kiswahili kuhusu nyumba zilizohamwa, Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu magofu ya Pate, hauhitaji mzuka hata mmoja ili utishe. Mshairi anaonyesha madaka ya ukutani, yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya kaure, yakiwa yamegeuka viota vya ndege. Anaonyesha kumbi zilizojaa sauti za wadudu. Na wakati wote huo anazungumza na moyo wake mwenyewe, anaukemea, anaubembeleza. Hofu ya kisaikolojia imo humo kikamilifu, miongo mingi kabla ya Freud, lakini haichipui katika utupu. Inachipuka katika orodha ya waliokuwepo: matajiri, wanazuoni, vijakazi, majirani. Mshairi anawahesabu mmoja mmoja, na kila anayetajwa anazidisha giza la ukumbi.

Tukirudi na tofauti hiyo kwenye hadithi za Kimagharibi zinazotolewa kuwa vielelezo vya upweke, tunaona mambo ambayo yalikuwa wazi siku zote. Katika The Turn of the Screw ya Henry James, ya mwaka 1898, yaya anajiona peke yake na watoto wawili katika jumba la Bly. Lakini jumba lina watumishi wengine. Wanapita, wanafanya kazi, na wengi wao hawapewi majina. Na mizuka miwili inayomwandama ni nani? Peter Quint alikuwa mtumishi wa bwana mwenye nyumba, na Bi Jessel alikuwa yaya aliyetangulia. Wote wawili ni wafanyakazi waliokufa. Shirley Jackson, katika The Haunting of Hill House ya mwaka 1959, anaifanya hesabu hiyo iwe kali zaidi. Eleanor Vance amemuuguza mama yake kwa miaka 11, na baada ya mama kufa anaishi kwa dada yake kama mgeni asiyealikwa. Hajawahi kuhesabiwa mahali popote. Anapofika kwenye jumba hilo anakuta wenzake watatu, si upweke. Kinachomvunja ni kuona kwamba hata humo, kati ya watu wanne, nafasi yake ina mashaka. Nyumba peke yake ndiyo inayoonekana kumtaka. Wakati huohuo Bi Dudley, mpishi, ameshaeleza kwamba yeye halali hapo: giza linapokaribia, yeye na mumewe hushika njia. Msomaji wa kawaida huliona jambo hilo kuwa kichekesho. Mimi naliona kuwa ufunguo, maana wageni wanaanza kujiita peke yao pale tu anayewapikia anapoondoka, ingawa alipokuwepo hawakumhesabu vilevile.

Karen inatupa kisa ambacho, nashangaa, hakijajadiliwa vya kutosha katika uhakiki wetu. Nyumba ya Karen Blixen, iliyojengwa mwaka 1912 chini ya vilima vya Ngong na ambayo tangu 1986 ni makumbusho, ilikaliwa na mwandishi wa hadithi za mizuka. Blixen aliondoka Kenya mwaka 1931 baada ya shamba la kahawa kufilisika, na kitabu chake cha kwanza kikubwa, cha mwaka 1934, hakikuwa kumbukumbu za shamba. Kilikuwa Seven Gothic Tales, hadithi saba za majumba ya kale, makasisi na wafu wanaorudi. Karibu zote ziko Ulaya. Moja tu inaanzia kwetu, kwenye jahazi linalotoka Lamu kwenda Zanzibar usiku wa mbalamwezi, kisha nayo inahamia Ulaya. Kumbukumbu zenyewe, Out of Africa, zilingoja hadi 1937. Kwa hiyo mwanamke aliyetoka kuipoteza nyumba, akiwa mkiwa kwa maana kamili ya neno, aliuandika ukiwa huo kwanza kama hadithi za mizuka za Ulaya. Katika moja ya hadithi hizo, dada wawili wazee wanatembelewa na kaka yao aliyenyongwa, katika nyumba ya familia huko Elsinore. Tuangalie nani anamwona kwanza. Si wao. Ni Madam Bæk, mtunzaji aliyeachwa na nyumba, ambaye analazimika kusafiri hadi Copenhagen kuwapa habari. Mtumishi ndiye anayejua nani yumo ndani.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Blixen hakuwasahau watumishi wake: Farah Aden na Kamante Gatura wamejaa katika kitabu cha 1937. Ni kweli, na tena wamechorwa kwa mapenzi. Lakini kutajwa si kuhesabiwa. Masimulizi mengi ya walowezi wa magharibi ya Nairobi yanazungumzia upweke wa nyumba ya shamba huku mpishi yuko jikoni, yaya chumbani, mtunza bustani nje kwenye ua wa kayaba, na mlinzi langoni. Mpango wa nyumba zenyewe uliirasimisha hesabu hiyo. Nyumba ya bwana ilikaa mbele, na nyuma yake, mara nyingi ikifichwa na miti, safu ya vyumba vidogo vya watumishi, ambavyo Wanairobi hadi leo huviita SQ. Aliyelala nyumba ya mbele alisema yuko peke yake. Hatua 30 kutoka kitandani kwake walilala watu wazima watatu au wanne waliokuwa na wake na watoto mbali, na ambao upweke wao haukuingia katika fasihi ya mtu yeyote.

Katikati ya jiji hesabu hiyohiyo ilifanywa na dola, na kwa ukatili usiohitaji kutiwa chumvi. Nyayo House, pembeni mwa Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, lina zaidi ya ghorofa 20. Jina lake linatokana na falsafa ya Rais Daniel arap Moi, ya kufuata nyayo za mtangulizi wake. Na sijui msanifu gani wa hadithi za kutisha angethubutu kuliita jengo la namna hiyo kwa jina la kitu ambacho, katika kila nyumba ya mizuka, ndicho husikika kwanza. Katika ghorofa ya chini ya ardhi zilijengwa seli zisizo na dirisha. Katika miaka ya 1980, hasa wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, kuanzia 1986, wahadhiri, wanafunzi, waandishi na wakulima walifungwa humo. Manusura wameeleza mambo yanayofanana: kufungwa kitambaa machoni, kuvuliwa nguo, kupandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa na kupigwa, kisha kurudishwa kwenye seli iliyomwagiwa maji ili mtu asiweze kulala wala kukaa pakavu. Na juu ya vichwa vyao, mchana wote, wananchi walikuwa wamepanga foleni katika ofisi za serikali wakishika fomu zao. Lifti mbili, kwa namna ya kusema, zilipanda katika jengo moja. Mtu akiwa kwenye seli hakuwa mbali na watu. Alikuwa chini ya miguu yao.

Hapo ndipo nadharia ya nyumba tupu inaposhindwa kabisa. Upweke wa mfungwa wa Nyayo House haukuwa mazingira aliyoyakuta. Ulitengenezwa, kama chombo kinavyotengenezwa, katikati ya jiji lenye msongamano kuliko yote nchini. Wahome Mutahi, aliyekamatwa mwaka 1986 na ambaye Wakenya walimpenda kwa safu yake ya vichekesho, alitoka gerezani akaandika Three Days on the Cross, iliyochapishwa mwaka 1991 wakati serikali ileile ingali madarakani. Aliipeleka hadithi katika nchi ya kubuni. Huo ulikuwa uangalifu wa mtu anayejua bei ya maneno, lakini ni ufundi pia: nyumba isiyoruhusiwa kuwepo kwenye ramani inatajwa kwa kuhamishwa. Tzvetan Todorov alisema mwaka 1970 kwamba kiini cha fasihi ya ajabu ni kusitasita, pale mhusika na msomaji wanaposhindwa kuamua kama waliyoyaona ni kweli au ni njozi. Katika Bly anayesitasita ni mtu mmoja, yaya, na sisi pamoja naye. Nairobi kusitasita kulihamishwa. Aliyetoka chini hakuwa na shaka yoyote. Mwili wake ulijua. Taifa ndilo lililotakiwa kushuku, kwa kuwa serikali ilikana mateso, na aliyesema vinginevyo alionekana mzushi au aliyepungukiwa na akili. Seli zilifunguliwa mbele ya umma Februari 2003, baada ya KANU, chama tawala cha wakati huo, kushindwa uchaguzi, na kwa siku hiyo kusitasita kwa Todorov kulikoma. Kuta zilikuwa pale.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii ni la kimaadili: je, kuita mahali pa mateso nyumba ya mizuka si kuyafanya mateso kuwa burudani? Naliheshimu pingamizi hilo, na ningelikubali kama ningekuwa nasema kwamba ushuhuda wa manusura ni hadithi. Sisemi hivyo. Nasema kwamba hadithi ya nyumba ya mizuka, ikisomwa vizuri, tangu zamani imekuwa hadithi ya watu waliofutwa, na kwamba burudani iliingia pale wahakiki walipowatoa watu hao na kubakisha milango inayogongagonga. Pingamizi la pili ni la kiutamaduni. Husemwa kwamba Mwafrika hawezi kuandika mzuka wa kisaikolojia kwa kuwa kwake mzimu ni jamaa. Anajua pa kuupelekea ubani, kwa hiyo hayuko peke yake kiasi cha kutishwa na akili yake. Dai hili linapuuza fasihi yetu yenyewe. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale, ambamo mtu anakutwa ameuawa mahali pa mzimu na wengi wako tayari kuwasukumia wafu lawama. Mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, anakataa njia hiyo rahisi na kuutafuta mkono wa binadamu. Riwaya hiyo haidharau mzimu. Inadai tu kwamba mzimu usitumiwe kuficha muuaji. Ni msimamo ambao wafungwa wa Nyayo House wangeuelewa bila kuelezwa.

Riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor, Dust, iliyosomwa sana tangu 2014, inaunganisha pande hizi zote. Inaanza kwa kijana Odidi kupigwa risasi barabarani Nairobi, mwishoni mwa 2007, kisha inaupeleka mwili wake kaskazini, kwenye nyumba iitwayo Wuoth Ogik. Nyumba hiyo imejaa vitu vya Hugh Bolton, Mwingereza ambaye mwanawe anafika kumtafuta, na karibu nayo kuna pango lenye siri ya kifo chake. Lakini Owuor haturuhusu kumfanya Mwingereza kuwa mzuka pekee. Mauaji ya Tom Mboya ya mwaka 1969 yako humo, na mateso ya nyakati za dharura ya ukoloni, na viapo vya kunyamaza. Kila mmoja wa jamaa ya Oganda ana chumba chake cha ndani asichokifungua, na wanakaa nyumba moja wakiwa kila mtu peke yake kwa sababu hiyohiyo: kuna wafu ambao hawajakubaliana kuwataja.

Tukirudi magharibi ya Nairobi, nyumba za mbele zenyewe zinatoweka. Kileleshwa na Kilimani, nyingi zimebomolewa tangu miaka ya 2000, na mahali pa moja pamesimama jengo la nyumba 60, ambamo jirani humjua jirani kwa mlio wa viatu juu ya dari. Ungedhani SQ ingebomolewa pamoja nazo. Imepandishwa ghorofani. Nyuma ya jiko la kila nyumba, ukishapita sinki ya kufulia, kuna kijichumba chenye kidirisha kidogo karibu na dari, kitanda kimoja kinachogusa kuta mbili, na mlango unaotokea kwenye ngazi za huduma badala ya sebuleni. Wauzaji hukiita DSQ. Na katika tangazo la nyumba hiyo, lile linalobandikwa langoni, hesabu huandikwa hivi: vyumba vitatu vya kulala, pamoja na DSQ.